Si Kila Fundi Hodari ni Msimamizi Hodari



Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Si uvivu. Kazi ilinibana, na pia kuna jambo lililokuwa likinisumbua rohoni ambalo nilisita kuliandika kwa sababu mkosaji ndani yake ni mimi mwenyewe. Leo nimeamua liwe liwalo.

Swali ni hili: katika kundi la watu watano wanaotengeneza programu, unajuaje nani afanye nini? Wengi wetu tuna jibu moja tu, hata kama hatulitamki. Tunamtafuta anayeandika programu haraka kuliko wenzake, tunamwita hodari. Kisha, kama shukrani, tunamfanya mkubwa wa wengine. Asiye na kasi tunamwita mzigo. Mimi naona jibu hilo linatuharibia kazi mara mbili: linamwondoa fundi kwenye ufundi wake, na linamtupa nje mtu ambaye kipaji chake hatukukiona.

Sasa kisa chenyewe.

Miaka 2 iliyopita tulikuwa watano katika ofisi moja ya ghorofani hapa Machakos mjini, tukitengeneza mfumo wa hesabu wa chama cha akiba na mikopo. Mimi nilikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta na mikono myepesi. Mwenye kampuni akanipa uongozi wa kundi pamoja na nyongeza ya mshahara. Nani asingefurahi? Nilipiga simu nyumbani hata kabla ya chai ya saa nne.

Mwezi haukuisha, mambo yakaanza kwenda kombo. Mteja akipiga simu sipokei, niko katikati ya kazi. Mwenzangu akiandika kitu kwa njia isiyonipendeza, simwambii. Nangoja aende zake nyumbani, nakiandika upya usiku. Asubuhi anakuta kazi yake haipo. Mikutano niliikata katikati kwa sababu ilinichosha.

Kati yetu alikuwepo dada mmoja, mwandishi wa programu kwa mkataba wa miezi 3. Alikuwa mzito kuandika. Kazi ya siku 1 ilimchukua siku 3. Lakini alikuwa na tabia yake: alikwenda kwa mteja, akaketi nyuma ya kaunta pamoja na makarani, akatazama tu. Siku moja mkutanoni akasema:

"Jamani, wale makarani hawatumii mfumo wetu mwanachama akiwa mbele yao. Wanaandika kwenye daftari, halafu jioni wanaingiza yote kwa pamoja. Fomu yetu inadai namba ya uanachama kwanza, na wazee hawakumbuki namba. Wanakumbuka jina na kijiji."

Nikamjibu kwamba hilo ni suala la kuwafundisha makarani. Tukaendelea na ajenda.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha, mwenye kampuni akaniomba tathmini. Niliandika mistari 4. Nilihesabu kazi alizomaliza, nikazilinganisha na zangu. Hakuongezewa mkataba.

Wiki 6 baadaye tukaenda kukabidhi mfumo, mteja akaukataa. Sababu ni ile ile ya daftari. Kwa kuwa makarani waliingiza miamala jioni, mwanachama angeweza kutoa akiba yake tawi hili asubuhi na tawi lile adhuhuri, na mfumo usijue mpaka jua lizame. Tulirudi kuanza upya sehemu nzima, na malipo yakakaa miezi bila kufika.

Nikampigia yule dada kumwomba radhi. Hakunitukana. Alisema, "Kaka, wewe ulipima mikono yangu. Macho hukuyapima." Nikamwomba arudi. Akasema ameshapata kazi kwingine, ya kuchunguza mifumo kabla haijatolewa kwa watu, na kazi hiyo anaipenda. Haya yalinipata, nami nimeyastahili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama makundi yaliyofaulu na kujiuliza waliwekana vipi. Mfano ninaoupenda ni wa hapa hapa Kenya. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 nchi iliingia kwenye ghasia. Tarehe 3 Januari 2008 Ory Okolloh, mwanasheria na mwanablogu wa Kenyan Pundit, aliomba kwenye blogu yake mafundi wajitokeze kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zilikotokea. Erik Hersman, mwanablogu wa teknolojia ya Afrika, aliuona wito huo na kuusukuma kwa watu aliowajua. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani, akaandika programu. Juliana Rotich, mwanablogu mwingine, akawa mmoja wao. Ndani ya siku chache tovuti ya Ushahidi ilikuwa hewani.

Hebu fikiria kipimo changu cha kasi kingetumika pale. Okolloh angeambiwa akae pembeni kwa sababu hajui kuandika programu. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na wasomaji waliokwisha kumwamini, na ramani ya ushahidi bila watu wanaokuamini ni karatasi tupu. Hersman naye angeulizwa, "Wewe umeandika mistari mingapi?" Kazi yake ilikuwa kumkutanisha mwenye haja na mwenye ujuzi. Na Kobia aliachwa afanye kile alichokiweza kuliko wote.

Tazama pia yaliyofuata. Okolloh alipoondoka kwenda Google, Rotich, ambaye amesomea sayansi ya kompyuta, ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi mtendaji. Hersman alianzisha iHub jijini Nairobi mwaka 2010, mahali pa kukutania mafundi. Yaani alirudia kipaji kile kile cha kukutanisha watu. Kwa hiyo shahada peke yake haikuambii mtu akae wapi. Mwenye kompyuta anaweza kuwa kiongozi mzuri, na mwanasheria anaweza kuanzisha programu.

Wala tusidhani hekima hii imekuja na kompyuta. Hapa Ukambani tuna mwethya, kazi ya pamoja ya majirani, na kwa njia hiyo matuta mengi ya vilima vyetu yalichimbwa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos kinachoonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara 5, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Katika tuta la fanya juu udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, na mstari wenyewe lazima ufuate usawa wa kilima. Mstari ukipinda, maji hujikusanya mahali pamoja na kulibomoa tuta, hata kama wachimbaji walikuwa majabali. Susu wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa mdogo wa mwili na jembe halikumwelekea. Yeye alishika kamba ya kupima. Hakuna aliyemhesabia majembe aliyopiga.

Kuna sababu inayotufanya tuendelee kukosea, nayo ni pesa. Mwaka 1969 Laurence Peter na Raymond Hull walitoa kitabu kiitwacho The Peter Principle. Hoja yao ni kwamba mtu hupandishwa cheo kwa sababu anaiweza kazi aliyonayo, mpaka afike kwenye kazi asiyoiweza, na hapo ndipo anapobaki. Katika kampuni zetu ndogo njia ya kupata nyongeza ni moja, kuwa mkubwa. Fundi ana karo za wadogo zake na kodi ya nyumba. Atakataaje?

Nilipomwambia mwenye kampuni nataka kuacha uongozi, swali lake la kwanza lilikuwa kama niko tayari kuacha na ile nyongeza. Tulivutana. Mwishowe nikabaki na nusu yake, na uongozi ukaenda kwa mwenzetu ambaye si mwepesi wa kuandika lakini anapokea simu na anajua kusema "hapana" bila kumuudhi mtu. Mfumo ulikabidhiwa.

Siku hizi tunafanya mambo 3. Kwanza, mtu mpya huzungushwa kabla ya kupimwa: wiki 2 kuandika, wiki 2 kuchunguza kasoro, wiki 2 kwa mteja. Pili, hatumuulizi mtu "unapenda nini?" tu. Tunawauliza wenzake, "Mkikwama, huyu mnamwendea kwa jambo gani?" Kipaji cha kweli mwenyewe hukiona cha kawaida, ndiyo maana hakitaji. Tatu, tathmini haiandikwi na mtu mmoja. Hilo la tatu nalisisitiza kwa sababu mnazozijua.

Najua kuna watakaopinga. Mmoja ataniambia, "Sisi tuko 3 tu, kila mtu lazima afanye kila kitu." Ni kweli. Lakini hata kwenye watatu, kuna mmoja wa mwisho kuulizwa kabla kitu hakijatoka, na mmoja wa kuongea na mteja akikasirika. Mkichagua mapema ni nani, hamtagombana siku ya moto.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nalikubali. Neno "kipaji" linaweza kugeuzwa kamba ya kumfunga mtu. Dada anaajiriwa kuandika programu, anaambiwa ana kipaji cha kuzungumza na wateja, anasukumwa huko kwa mshahara mdogo, na mlango unafungwa. Huo si kumweka mtu panapomfaa, ni kumdhulumu. Kama kazi ya macho ina thamani, ilipwe kama kazi ya mikono. Na mwenye kutaka kujifunza jambo jingine apewe nafasi ya kurudi kujaribu. Pasipo hayo mawili, ni heri msiongee habari za vipaji kabisa.

Yule dada hakurudi kwetu, na mistari yangu 4 siwezi kuifuta. Ninachoweza ni kukuomba wewe unayesoma hapa: kama wiki hii umepewa karatasi ya kumpima mwenzako, kabla hujaandika namba yoyote, kumbuka mara ya mwisho aliposema jambo mkutanoni nanyi mkaendelea na ajenda. Alisema nini?

Mpaka wakati mwingine, kazi njema.