Bastola Mlangoni mwa Msikiti: Sheria Ikiondoa Leseni Haiondoi Dhamana

  

Ndugu Waislamu, tumeulizwa, wala si na mzazi mmoja tu, kuhusu vijana wetu walioko Marekani kwa masomo na kazi. Kijana humpigia simu baba yake akamwambia kwamba kamati ya msikiti anakoswali inatafuta wanaume wa kujitolea kusimama mlangoni siku ya Ijumaa wakiwa na silaha, naye ametakiwa aandikishe jina. Baba anauliza kama jambo hilo linajuzu. Mama anauliza kama mwanawe atarudi salama. Tumeona swali hili lijibiwe hadharani, kwa kuwa wanaolihitaji ni wengi kuliko waliolileta kwetu.

Tuseme kwanza kwamba khofu yenyewe si ya kubuni. Tarehe 29 Januari 2017 Waislamu 6 waliuawa kwa risasi msikitini katika mji wa Quebec, Kanada, baada ya swala ya usiku. Tarehe 5 Agosti mwaka huohuo bomu lilitupwa katika ofisi ya imamu wa msikiti wa Dar al-Farooq, Bloomington, jimbo la Minnesota, ambao waumini wake wengi wana asili ya Somalia. Mwenyezi Mungu akanusuru, hakuumia mtu. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019 waliuawa 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand. Wala balaa hili si la Waislamu peke yao. Katika kanisa la Sutherland Springs, Texas, tarehe 5 Novemba 2017, waliuawa 26 akihesabiwa na mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mamake, na katika sinagogi la Pittsburgh tarehe 27 Oktoba 2018 waliuawa 11. Basi mwenye kuwaambia watu wa nchi hizo watawakali tu, bila kufunga kamba ngamia wao, hajawanasihi.

Sasa tuitazame sheria. Marekani kila jimbo lina sheria zake, na jimbo linalotajwa zaidi katika jambo hili ni Texas. Zamani, muumini aliyejipanga na wenzake kulinda kanisa lao angeweza kuhesabiwa kuwa anafanya kazi ya ulinzi wa binafsi bila leseni, nalo ni kosa. Mwaka 2017 bunge la jimbo likawaondoa walinzi wa kujitolea wa makanisa, masinagogi na nyumba nyingine za ibada katika sharti la leseni hiyo. Sheria ikaweka mipaka michache: mlinzi asipokee malipo ya namna yoyote, wala asivae sare au beji itakayomfanya aonekane kuwa askari au mlinzi rasmi. Mwaka 2019 ikapitishwa sheria nyingine iliyoondoa utata, kwamba mwenye leseni ya bastola anaweza kuingia nayo katika nyumba ya ibada isipokuwa wenye nyumba hiyo wametoa ilani ya kukataza. Kisha mwaka 2021 Texas ikaruhusu watu wengi wa umri wa miaka 21 na zaidi kubeba bastola bila leseni kabisa.

Ziunganishe sheria hizi tatu, ndugu msomaji, uone zinakokufikisha. Mtu anaweza kusimama mlangoni mwa msikiti wa Houston, bastola ikiwa kiunoni, bila sheria kumtaka athibitishe popote kwamba anajua kuitumia.

New York ilishika njia iliyo kinyume. Mwaka 2022, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuipanua haki ya raia kubeba silaha, jimbo hilo lilipiga marufuku silaha katika nyumba zote za ibada. Wachungaji wakaenda mahakamani wakidai kwamba wameachwa bila kinga, na mwaka 2023 bunge likairekebisha sheria ili wenye jukumu la ulinzi mahali hapo waruhusiwe. Sisi twaona marekebisho hayo yalikuwa ya haki. Nyumba ya ibada haiwezi kunyimwa haki ya kujilinda ambayo duka la vito limepewa.

Wanaoitetea sheria ya Texas wana hoja yenye nguvu, nasi hatutaificha. Tarehe 29 Desemba 2019, katika kanisa moja la mji wa White Settlement, mtu alitoa bunduki katikati ya ibada akaua watu wawili. Mkuu wa kikosi cha kujitolea cha kanisa hilo akamwangusha kwa risasi moja. Yote hayo yalichukua sekunde kama 6. Hakuna polisi duniani awezaye kufika kwa sekunde 6. Lakini wanaolisimulia tukio hili mara nyingi huruka jambo moja: yule aliyefyatua risasi alikuwa mkufunzi wa silaha, na aliwahi kuwa askari wa akiba. Kilichoiokoa jamaa ile ni ujuzi wa miaka mingi, na ujuzi huo ndio kitu ambacho sheria haikumtaka mtu yeyote awe nao.

Turudi kwenye dini yetu. Wako wanaosema silaha haiingii msikitini kabisa. Kauli hii haisimami. Katika Sura an-Nisaa, aya ya 102, Mwenyezi Mungu anafundisha swala ya khofu, ambapo kundi moja huswali pamoja na imamu na jingine hulinda, na wote huamrishwa kuchukua hadhari na silaha zao. Na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) naye akiwatazama. Lakini tazama pia adabu aliyotufundisha yeye mwenyewe: mwenye kupita na mishale katika misikiti yetu au masoko yetu aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru Muislamu. Na katika hadithi nyingine amekataza mtu kupokezwa upanga uliochomolewa alani. Mizani ya sharia ni hiyo. Hakuifukuza silaha, lakini aliyeibeba ndiye aliyewekewa dhamana ya usalama wa wote waliomzunguka, hata kama hana nia mbaya.

Yaliyompata Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) yanatufaa sana hapa. Alichomwa kisu mihrabuni katika swala ya alfajiri, mwaka 23 Hijria. Muuaji akakimbia katikati ya safu akichoma kulia na kushoto. Akajeruhi watu 13, na 7 kati yao wakafariki. Aliyemzuia hakutumia upanga. Alimtupia joho akamfunika, na muuaji alipoona amekwisha kukamatwa alijiua mwenyewe. Abdurrahman bin Auf akasogezwa mbele akaimaliza swala kwa ufupi, na waliokuwa pembeni mwa msikiti hawakujua lililotokea ila walisikia sauti ya Umar imekatika.

Kisa hiki husomwa mimbarini mara nyingi, lakini kilichofuata husahauliwa. Ubaidullah, mwana wa Umar, kwa uchungu wa baba yake, alichukua upanga akamuua Hurmuzan kwa dhana kwamba alishiriki njama, akaua na wengine, akiwamo binti mdogo wa muuaji. Hapakuwa na hukumu wala ushahidi uliopimwa. Khalifa Uthman (r.a.) alipoanza tu kutawala, kesi hiyo ndiyo iliyomlaki. Swahaba wakahitilafiana, wako walioona kisasi kimlazimu, na katika riwaya mashuhuri Uthman akalipa diya kwa mali yake mwenyewe. Tazama basi: huyu ni mwana wa Khalifa, ana kila sababu ya kughadhibika, na bado damu aliyoimwaga ilidaiwa.

Nasi tunajiuliza: kijana wa miaka 22 aliyeambiwa asimame mlangoni, ambaye ametazama picha za Christchurch usiku kucha, atamtambuaje mgeni mwenye begi aliyekuja kuuliza habari za Uislamu na mgeni mwenye begi aliyekuja kuua?

Makosa ya silaha hayahitaji hata adui. Siku 11 tu baada ya Sutherland Springs, waumini wa kanisa moja la Tellico Plains, Tennessee, walikuwa wakizungumzia mauaji hayo na haja ya kubeba silaha ibadani. Mzee wa miaka 81 akatoa bastola yake kuwaonyesha wenzake. Ikafyatuka, ikamjeruhi yeye na mkewe.

Kuna hatari nyingine ambayo wazazi wa Kiafrika wanapaswa kuijua. Polisi wakifika kwenye ghasia hawajui nani mlinzi na nani mshambuliaji. Wanachokiona ni mtu mwenye bunduki. Novemba 2018, karibu na Chicago, kijana mweusi aliyekuwa mlinzi wa baa alimdhibiti mtu aliyefyatua risasi, na polisi aliyefika akampiga risasi yeye akamuua. Juni 2021, huko Arvada, Colorado, raia aliyemwangusha muuaji wa askari aliuawa na askari mwingine aliyemdhania kuwa ndiye mhalifu. Tena sheria ya Texas, kama tulivyosema, inamkataza mlinzi wa kujitolea kuvaa beji ya ulinzi. Kwa hiyo hata alama ya kumwokoa hana.

Kisha lipo suala la karatasi za uhamiaji, nalo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi kwa vijana wetu. Sheria ya taifa la Marekani, ambayo ruhusa ya jimbo haiwezi kuifuta, inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, wanafunzi wakiwamo, kumiliki au hata kushika bunduki, isipokuwa kwa vighairi vichache. Asiye na kibali kabisa amekatazwa vilevile. Adhabu yaweza kufika miaka 15 jela, achilia mbali kurudishwa nyumbani. Mwenye ukaazi wa kudumu hukumu yake ni nyingine. Lakini mwanafunzi aliyeazimwa bastola na rafiki yake kwa saa moja ya swala ya Ijumaa amekwisha kuingia katika kosa hilo, hata kama nia yake ilikuwa kuwalinda watoto wa madrasa. Na ikiwa ndani ya uwanja wa msikiti kuna shule ya kutwa, ipo pia sheria ya taifa inayodhibiti silaha katika shule na futi 1,000 kuizunguka, yenye vighairi vyake vinavyotaka wakili kuvisoma.

Kwa hiyo tunawaambia wanakamati wa misikiti hiyo, na wengi wao ni ndugu zetu: sheria imewaondolea leseni, haijawaondolea dhamana. Mlinzi wenu akiua kimakosa, mahakama itamwita yeye na huenda ikauita msikiti, na bima nyingi za majengo huweka masharti yake juu ya silaha. Mbele ya Mwenyezi Mungu, kuua kwa kukosea kuna diya kwa warithi na kafara kwa muuaji, kama ilivyo katika aya ya 92 ya sura hiyohiyo. Masharti ambayo bunge limeyaacha yawekeni ninyi. Asibebe silaha ila aliyefunzwa na kupimwa, anayetambulika kwa polisi wa mtaa, aliyeteuliwa kwa maandishi. Na wengine wote, hata kama jimbo limewaruhusu, wakatazwe kwa ilani mlangoni, haki ambayo Texas imewapa wenye nyumba. Palipo na uwezo wa kumlipa askari aliye likizoni, huyo ni bora.

Wala kulinda si bunduki tu. Huko Bærum, Norway, Agosti 2019, mkesha wa Idi, mzee wa miaka 65 alimkumba mshambuliaji mwenye bunduki msikitini akamlaza chini kwa mikono mitupu. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, baada ya makanisa mawili ya Garissa kushambuliwa tarehe 1 Julai 2012, viongozi wa Kiislamu walikubaliana kwamba vijana wa Kiislamu walinde makanisa ya majirani zao. Aya ya 40 ya Sura al-Hajj imezitaja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kwa pamoja, katika habari ya Mwenyezi Mungu kuzikinga zisibomolewe.

Baba aliyetuuliza tunamjibu hivi: kumlinda mwenye kuswali ni kazi tukufu, na silaha yajuzu kwa anayeijua na anayeruhusiwa. Mwanao, akiwa na viza ya masomo, asiiguse. Ajiandikishe kusimama kwenye maegesho ya magari, simu mkononi, akijua mlango wa nyuma unafunguliwa vipi na watoto wanatolewa kupitia wapi. Kamati isimwite mwoga kwa hilo, na wala asikubali kuitwa.