Mguu wa Mchezaji Ni Jembe Lake

Kila mfanyakazi ana chombo chake cha kazi. Mkulima wa alizeti wa Ikungi ana jembe, seremala ana randa, na mchezaji wa mpira ana miguu miwili aliyopewa na Mungu. Jembe likivunjika hununuliwa jingine sokoni, lakini mguu hauna duka. Kwa sababu hiyo twaonelea kwamba adhabu ya mchezaji amkwatuaye mwenzake kwa hatari si jambo la washabiki peke yao. Ni jambo la haki ya mfanyakazi, nalo latuhusu sote.

Wananchi wa Singida wana sababu ya kulitafakari. Mwaka 2017 Singida United ilipanda Ligi Kuu, na mwaka 2024 Singida Black Stars ikachukua jina la mkoa wetu. Uwanja wa Liti, ambao zamani uliitwa Namfua, ni mali ya Chama. Vijana wa Kiomboi, Manyoni na Itigi wamekwisha kuona kwa macho yao kwamba mpira ni ajira. Basi ikiwa ni ajira, yapasa uwe na ulinzi kama ajira nyingine.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 huko Uingereza, Pelé wa Brazili alipigwa miguu katika mechi na Bulgaria, kisha akapigwa tena katika mechi na Ureno, akamaliza mchezo akichechemea, kwa kuwa siku hizo hapakuruhusiwa mchezaji wa akiba. Aliyempiga akaendelea kucheza. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 huko Meksiko, na mwaka 1998 waamuzi wakaagizwa kumtoa nje yeyote amkwatuaye mwenzake kutoka nyuma kwa namna ya kuhatarisha usalama wake. Leo Sheria ya 12 ya mpira yasema waziwazi: mchezaji anayehatarisha usalama wa mpinzani, au anayetumia nguvu kupita kiasi, atolewe nje.

Sheria basi tunayo. Kinachopungua ni moyo wa kuitimiza. Daluga la mchezaji wa timu ngeni likimpata kijana wetu gotini, uwanja mzima huinuka kudai kadi nyekundu. Daluga la kijana wetu likimpata mgeni, twasema mpira si mchezo wa watoto, na refa twamwita mwizi. Haki yenye mizani miwili si haki. Mwanachama aliyefundishwa kwamba binadamu wote ni sawa hawezi kuuacha usawa huo mlangoni pa uwanja pamoja na kipande cha tiketi.

Wapo wanaosema kwamba aliyekwatua hakukusudia. Huenda ni kweli. Lakini dereva wa lori anayekimbiza gari mjini naye hakukusudia kumgonga mtu, wala hatumwachilii kwa sababu hiyo. Wenzetu wa raga ya watu 13, mchezo ambao kazi yake yenyewe ni kumkamata mtu na kumwangusha, wamelielewa jambo hili. Huko Australia, mwaka 2014, mchezaji Alex McKinnon aliinuliwa na wapinzani watatu akaangushwa vibaya, shingo ikavunjika, na tangu hapo hutumia kiti cha magurudumu. Mmoja wa wapinzani hao alishtakiwa kwa kuangusha kwa hatari, akasikilizwa, akafungiwa mechi saba. Ikiwa mchezo wa nguvu kiasi hicho waweza kupima hatari na kuitolea adhabu, mpira wa miguu una udhuru gani?

Nasi twasema adhabu iwe ya kufungiwa mechi, isiwe ya faini. Faini mara nyingi hulipwa na klabu au na tajiri, na aliyetenda kosa haoni hata noti moja ikitoka mfukoni mwake. Kukaa nje ya uwanja humfundisha yeye, na humfundisha pia mwalimu aliyemtuma. Hata hivyo mkosaji naye ni mfanyakazi. Aelezwe kosa lake, asikilizwe, apewe nafasi ya kukata rufaa, na adhabu ilingane na hatari aliyoifanya, isilingane na ukubwa wa jina la timu yake wala kelele za mashabiki.

Zaidi ya hayo, tusiishie kutazama Ligi Kuu. Huko kuna kamera na madaktari. Mchezaji wa klabu aliyeajiriwa kwa mkataba analindwa pia na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayomtaka kila mwajiri wa Tanzania Bara kuchangia mfuko wa fidia. Klabu isiyotimiza wajibu huo inamdhulumu mtu wake. Lakini kijana anayecheza mashindano ya kata huko Mkalama hana mkataba, hana kamera, wala hana fidia. Akivunjika mguu leo, kesho shamba la vitunguu halina mtu, na mama yake ndiye atakayeuza kuku ili alipe matibabu. Kwake yeye ulinzi ni mmoja tu: refa asiyeogopa, na taarifa iliyoandikwa kwa ukweli.

Kwa hiyo twawataka viongozi wa mpira wa mkoa na wilaya wasome taarifa za waamuzi kabla wino haujakauka, na waitoe adhabu bila kutazama uso wa mtu. Twawataka viongozi wa matawi, ambao mara nyingi ndio wanaotoa vikombe na jezi, wasikubali shindano lolote lisilo na refa aliyefunzwa na mtu wa huduma ya kwanza. Nasi watazamaji tujifunze kunyamaza kadi nyekundu inapomwangukia wa kwetu kwa haki.

Kikombe hukaa kabatini kikashika vumbi. Mguu wa kijana walisha nyumba nzima. Tuulinde.