Brooks Brothers: jina limebaki, washonaji wamefukuzwa

Msomaji anayechagua mashati ya mitumba kule Birere mjini Goma, ama Kadutu mjini Bukavu, huenda amekutana na alama ya kondoo aliyening'inizwa kwa utepe. Muuzaji haulizi kondoo huyo ametoka wapi. Anaangalia kama kola haijachakaa na kama vifungo vimetimia, kisha anataja bei. Lakini alama hiyo ni ya nyumba ya mavazi ya wanaume inayohesabiwa kuwa ya zamani kuliko zote Marekani: Brooks Brothers ya New York, iliyofunguliwa mwaka wa 1818.

Tarehe 8 Julai 2020, ikiwa na miaka 202, kampuni hiyo ilikwenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika. Magazeti mengi yaliandika kwamba korona imeua kostimu: wanaume wanafanyia kazi nyumbani, nani bado anahitaji kravati? Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila hayatoshi. Brooks Brothers haikufa. Maduka yake yapo na kondoo wake bado anauzwa. Waliopotea ni watu waliokuwa wanashona, na walianza kusukumwa pembeni zamani sana kabla ya korona.

Mwanzilishi, Henry Sands Brooks, alifungua duka lake tarehe 7 Aprili 1818, pembeni mwa barabara za Catherine na Cherry, upande wa bandari ya Manhattan. Alikuwa na miaka 45. Baada ya kifo chake mwaka wa 1833, kazi ikabaki mikononi mwa wanawe, na mwaka wa 1850 duka likaitwa rasmi Brooks Brothers, yaani ndugu wa ukoo wa Brooks. Hapo ndipo kondoo naye akaingia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1849, ilitokea jambo ambalo mpaka leo linatuhusu sisi sote tunaovaa suruali. Zamani mwanaume mwenye uwezo alikwenda kwa fundi, akapimwa mabega na kiuno, akarudi siku nyingine kujaribisha, akangoja tena. Lakini dhahabu ilikuwa imeonekana California, na maelfu ya wanaume walikuwa wanakimbilia magharibi bila nafasi ya kungoja mtu yeyote. Brooks Brothers ikaanza kuwauzia kostimu iliyokwisha kushonwa: unaingia, unajaribu, unalipa, unakwenda. Wakaaji wa maeneo yetu ya machimbo wanaelewa vizuri biashara ya namna hiyo. Anayetajirika kwa dhahabu si lazima awe mchimbaji.

Tangu siku hiyo fundi alianza kushonea mwili wa mtu asiyemjua. Mteja naye akaacha kumjua fundi, akajua jina la duka tu. Tunadhani historia yote ya kampuni hii inatoka hapo.

Sura ya uzito zaidi ni ile ya miaka ya utumwa. Katika jumba la kuhifadhi historia la mji wa New Orleans kuna makoti yenye alama ya Brooks Brothers, yaliyoshonwa kwa ajili ya watumwa wa tajiri mmoja, daktari William Newton Mercer. Vifungo vyake vina nembo ya ukoo wa bwana huyo. Yalikuwa makoti mazuri, ya kitambaa kizuri, kwa sababu mtumwa aliyefungua mlango na kuendesha gari la farasi alitakiwa kuonyesha wageni utajiri wa mwenye kummiliki. Duka la New York, mji wa kaskazini uliojiita huru, liliona hiyo ni oda sawa na oda nyingine.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka wa 1861, kampuni ilipata mkataba wa kushonea askari wa jimbo la New York sare 12.000. Kitambaa kizuri kikakosekana. Badala ya kusema ukweli, wakashona kwa kitambaa kilichotengenezwa kwa masalio ya matambara yaliyosagwa na kugandamizwa. Sare zilipopata mvua zikaachana zikiwa mwilini mwa askari. Kelele zikawa nyingi, kampuni ikalazimika kutoa sare 2.350 nyingine kwa gharama yake, karibu dola 45.000 za wakati ule. Kitambaa hicho kwa Kiingereza kiliitwa "shoddy", na kwa sababu ya vita hivyo neno hilo likaenea kwa maana ya kitu chochote kilichotengenezwa ovyo. Kila mwenye kufuatilia mikataba ya serikali ya hapa kwetu atatabasamu kidogo, kisha atanyamaza.

Mwaka wa 1863, mwezi wa Julai, wakaaji wa New York waliokataa kuandikishwa jeshini kwa nguvu waliingia barabarani. Waliua watu weusi, wakachoma nyumba ya mayatima weusi, wakapora maduka. Duka la Brooks Brothers la barabara ya Catherine lilikuwa kati ya yale yaliyoporwa.

Na bado, ni nyumba hiyo hiyo iliyomshonea rais Abraham Lincoln koti la kuapishwa kwa mara ya pili, Machi 1865. Ndani ya koti, kwenye bitana, walidarizi tai mkubwa na maneno yenye maana ya nchi moja na hatima moja. Lincoln alikuwa amelivaa usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 alipopigwa risasi ndani ya ukumbi wa Ford's Theatre mjini Washington. Kampuni imelisimulia koti hilo kwa fahari miaka yote iliyofuata. Ni haki yake. Ila makoti ya New Orleans nayo yana alama ile ile, na mwandishi anayetaja moja bila lingine anafanya kazi ya matangazo.

Karne ya 20 tutaipita haraka, maana matunda yake yako mwilini mwetu. Kola yenye vifungo viwili vidogo kwenye ncha zake ilitokana na safari ya John Brooks, mjukuu wa mwanzilishi, nchini Uingereza. Aliona wachezaji wa polo wamefunga kola zao kwa vifungo ili upepo usizirushe usoni. Akaileta New York, na leo hata mwalimu wa shule ya msingi ya Uvira anayo kola hiyo. Kravati yenye mistari ya kulalia upande mmoja nayo ilitoka kwa vikosi vya jeshi la Uingereza. Brooks Brothers ikageuza mwelekeo wa mistari, ikauzia wanafunzi wa vyuo vikuu na watu wa benki. Kennedy alivaa nguo zao. Barack Obama alipoapishwa Januari 2009, katika baridi kali, koti lake la juu lilikuwa la Brooks Brothers.

Turudi kwenye pesa. Mwaka wa 1946 ukoo wa Brooks ulitoka, kampuni ikauzwa kwa wafanyabiashara wa Washington. Tangu hapo ilipita mikononi mwa watu kama gari la okazyo. Mwaka wa 1988 Marks & Spencer ya Uingereza iliinunua kwa dola milioni 750. Mwaka wa 2001 Waingereza hao hao waliiuza kwa dola milioni 225 kwa Claudio Del Vecchio, mtoto wa Mwitalia aliyejenga kampuni kubwa ya miwani, Luxottica. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano anaifanya: katika miaka 13, zaidi ya nusu ya bei imeyeyuka. Kati ya tarehe hizo mbili, maofisi ya Marekani yaliacha kuvaa kostimu, kwanza siku ya Ijumaa, halafu siku zote. Maduka ya bei ya chini yalifunguliwa kwa wingi yakiuza nguo zenye jina lile lile lakini zisizo za ubora ule ule. Anayeuza jina lake kwa bei ya chini kila siku asishangae mteja akikataa kulipa bei ya juu.

Del Vecchio alishika viwanda vitatu ndani ya Marekani: cha kravati huko Long Island City mjini New York, cha mashati huko Garland katika jimbo la North Carolina, na cha kostimu huko Haverhill katika jimbo la Massachusetts. Sehemu kubwa ya nguo ilikuwa tayari inashonwa nje ya nchi. Viwanda hivyo vilitoa sehemu ndogo tu. Lakini Garland ni kamji kadogo sana, na kiwanda cha mashati ndicho kilichokuwa kinailisha.

Machi 2020 korona ilipoanza kuua watu New York, kampuni ilitangaza kwamba viwanda vyake vitatu vitashona barakoa, mpaka 150.000 kwa siku, pamoja na nguo za waganga. Washonaji wa kravati wakageuka washonaji wa barakoa, na walisifiwa. Miezi michache baadaye, viwanda vyote vitatu vikafungwa na karibu watu 700 wakapoteza kazi.

Mwezi wa Agosti mahakama ikakubali kampuni iuzwe kwa dola milioni 325. Wanunuzi walikuwa wenye maduka makubwa ya biashara, Simon Property Group, pamoja na Authentic Brands Group. Hao wa pili inafaa tuwaangalie vizuri. Kazi yao ni kununua majina, na wengine wanalipa ili wayatumie kwenye bidhaa. Wanamiliki haki za jina la Marilyn Monroe, za Elvis Presley, na pia za Muhammad Ali. Ndiyo, Ali yule ambaye Kinshasa nzima ilimwimbia "boma ye" mwaka wa 1974. Katika soko hilo, jina la bondia aliyekufa na jina la nyumba ya kostimu yanakaa kwenye rafu moja. Sindano na cherehani hazikuwa sehemu ya thamani iliyonunuliwa.

Kuna watakaosema: hayo ni mambo ya Wamarekani, yanatuhusu nini? Sisi Wakongomani ndio tungekuwa wa mwisho kusema hivyo. Nchi hii iliwahi kukatazwa kostimu na kravati kwa amri ya Mobutu, ikavaa abacost tangu mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka mwaka wa 1990. Nchi hii imezaa sape, na kuna vijana wanaoweza kukutajia majina ya nyumba za mavazi za Paris, Milano na Tokyo bila kupumua. Tunajua thamani ya jina kuliko watu wengi. Jina ambalo hatulitaji ni la fundi aliye mtaa wa pili.

Fundi huyo anashona kostimu kwa siku tatu, kwa umeme unaokatika, na ikiisha si ajabu mteja akamwomba apachike ndani alama ya Italia iliyonunuliwa sokoni. Fundi anapachika. Mteja akisifiwa kwenye harusi, sifa inakwenda Milano.

Jirani zetu walijaribu njia ya kodi. Mwaka wa 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba polepole. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, Washington ikatishia kuondoa nafasi ya kuuza huko bila ushuru, na karibu wote wakarudi nyuma. Rwanda ilikataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafasi hiyo. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka wa 2022, kwa hiyo mjadala huu utatufikia. Kwa maoni yetu, kufunga mitumba kwa ghafla kungewaumiza mama wauzaji na raia wasio na pesa ya kitambaa kipya, na kusingempa fundi umeme wala mteja. Tuanze na oda ambazo tayari ziko mikononi mwa serikali, shule na makanisa.

Kila mwaka kabla ya masomo kuanza, wazazi wanatafuta sare za bluu na nyeupe kwa watoto wao. Ni msimu ambao fundi anapata kazi. Tunapendekeza shule, hasa zile kubwa za miji yetu, zikubaliane na vyama vya mafundi wa mtaa juu ya kipimo cha kitambaa na bei kabla ya msimu, badala ya kumtumia mzazi kwa muuzaji mmoja wa sare zilizotoka nje. Na kila sare iwe na jina la aliyeishona, ndani ya kola, ili ikiachana baada ya mvua ya kwanza mzazi ajue anarudi kwa nani, na ikidumu miaka miwili ajue anampelekea nani mtoto wa pili.