Maji ya Kifuani Yasikae Dirishani

Ndugu watumishi wenzetu,

Twaomba nafasi kidogo tuseme neno lililo zito mioyoni mwetu. Huku kwetu Shinyanga na Geita, ambako dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 na ingali yachimbwa leo, vijana wengi huvuta vumbi la mawe. Vumbi hilo huyadhuru mapafu, na mapafu yaliyodhurika hushikwa upesi na kifua kikuu. Pengine maji hujaa baina ya pafu na mbavu, hata mgonjwa akatweta usiku kucha.

Daktari humchoma sindano akayatoa maji hayo. Hapo kazi yetu haiishi, bali ndipo inapoanza. Rangi ya maji peke yake haitoi hukumu. Yapasa yapakwe juu ya kioo, yatiwe rangi kwa njia aliyoivumbua Gram mwaka 1884, yatazamwe kwa hadubini, chembe nyeupe zihesabiwe. Kisha yaoteshwe, ili kijidudu kijulikane pamoja na dawa ikiuayo. Kijidudu cha kifua kikuu, alichokitangaza Koch mwaka 1882, huwa kichache mno katika maji hayo, nacho huota kwa majuma mengi. Basi kioo kisichoonyesha kitu hakimtoi mgonjwa hatarini.

Twauliza: ya nini kumchoma mtu ubavu, kisha chupa ikae dirishani tangu asubuhi hata jioni, kwa kuwa karani hajaandika jina au dereva hajapata ruhusa? Vijidudu vingine hufa, vingine huzidi, na jibu hurudi la uongo.

Wengine watasema mashine mpya zimekuja. Ni kweli, tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeikubali mashine itambuayo kifua kikuu kwa muda wa saa mbili. Lakini katika maji ya kifuani hukosa wagonjwa wengi, wala mashine haiendi kuichukua chupa.

Maoni yetu ni haya: maji yatolewe kabla ya dawa iwezekanapo, ila mgonjwa mahututi asicheleweshewe dawa; chupa iwe safi kabisa; jina na saa viandikwe papo hapo; ipelekwe maabara bila kukawia. Haya hayadai fedha nyingi, yadai uangalifu wetu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na huku kwetu huumiza na vifua.

Ni sisi wenzenu katika utumishi.