Ajira ya Kudumu Isigeuzwe Kibarua
Mwajiri anayewaachisha wafanyakazi wake wa kudumu, kisha akawarejesha kwa siku moja moja au kwa saa chache, hudhani amepata faida, ilhali gharama ya ajira ameihamisha tu kutoka daftari lake hadi kwa maskini asiyejua kesho atapata nini, na kwa mwenye duka ambaye hathubutu tena kumkopesha unga. Mombasa iliyaonja hayo zamani, pale makuli wa bandarini, wengi wao vibarua wa siku, walipojiunga na mgomo mkubwa wa Januari 1947 kwa dhiki ya ujira duni na ughali wa maisha. Leo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, humhesabu kibarua aliyetimiza mwezi mmoja wa kazi mfululizo kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Lakini wako waajiri wanaomsimamisha siku chache kabla ya mwezi huo kutimia, kisha wakamwita upya, na hiyo ni dhuluma. Twawasihi wakaguzi wa kazi waingie viwandani, wayadai madaftari ya mishahara, na wamfikishe mahakamani kila anayeikwepa sheria.