Mawe yalitolewa bure, kijiji hakikurudishwa

Je, msomaji, umewahi kwenda mnadani kununua viti ukarudi nyumbani na mlima? Basi karibu hayo ndiyo yaliyomfika wakili Cecil Chubb mnamo Septemba 21, 1915, mjini Salisbury, katika kaunti ya Wiltshire, kusini mwa Uingereza. Inasimuliwa kwamba alikwenda kutafuta viti. Mnada ulipokwisha alikuwa amenunua Stonehenge kwa pauni 6,600!

Kwa wewe ambaye hujaiona hata kwenye picha, Stonehenge ni duara la mawe makubwa ajabu, yaliyosimamishwa uwandani zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Yale makubwa huwa na uzito wa tani 20 na zaidi. Madogo yalitolewa Wales, umbali wa kilomita zipatazo 240, na hapakuwa na lori wala winchi. Shamba lilikuwa la familia ya Antrobus. Mrithi aliuawa vitani mwaka wa 1914, babaye akafariki miezi michache baadaye, na mali ikatiwa mnadani.

Chubb hakukaa nayo. Mwaka wa 1918 aliitoa kwa taifa bila malipo, kwa sharti kwamba mgeni asitozwe zaidi ya shilingi moja kuingia. Shilingi ya Mwingereza, usidhani ni yetu. Ukienda leo na shilingi hiyo utarudishwa langoni, ingawa wenyeji wa karibu bado huingia bure.

Habari za mnara wa kanisa kuu la Salisbury, wenye urefu wa mita 123, sitazigusa. Huo una wasifiaji wa kutosha. Linalonikera mimi ni kanisa jingine dogo, lililo chini ya kilomita 20 magharibi mwa mawe hayo, katika kijiji kiitwacho Imber.

Wanakijiji wa Imber walikuwa wapangaji. Jeshi lilikuwa limenunua karibu ardhi yote kabla ya Vita Vikuu vya Pili, nao wakaendelea kulima na kulipa kodi. Novemba 1, 1943 waliitwa shuleni wakaambiwa wana siku 47 za kuhama, ili askari wa Marekani wapate mahali pa kujifunzia vita. Walishika njia kabla ya Krismasi. Wengi waliamini wataitwa vita vikiisha, na wengine waliacha hata vyakula vya makopo kabatini.

Vita viliisha 1945. Hawakuitwa. Mwaka wa 1961 waliandamana hadi kijijini pamoja na wengi waliowaunga mkono, lakini jeshi likaachiwa ardhi. Walichopata ni kanisa la Mtakatifu Giles kutunzwa, na kufunguliwa siku chache kwa mwaka.

Siku hizo ukifika utalikuta kanisa la mawe, lenye michoro ya kale ukutani, likizungukwa na ua wa waya. Karibu nalo zimo nyumba zisizo na madirisha, ambamo askari hujifunza kupigana.

Husimuliwa pia habari za mhunzi wa Imber, aliyekutwa akilia juu ya fuawe yake siku aliyopata habari ya kuhama. Alifariki majuma machache baada ya kuondoka. Yeye aliruhusiwa kurudi, akazikwa pale kanisani.