Televisheni ya Nyumbani na Ufunguo Ulio Mbali

Tarehe 9 Novemba, 2022, kampuni ya Sling Media ya Marekani ilizima kompyuta zake kuu, yaani seva, zilizokuwa zikihudumia chombo kiitwacho Slingbox. Siku hiyo haukukatika waya hata mmoja katika nyumba za wateja, wala hakuna kilichoungua. Hata hivyo, kwa tangazo ambalo kampuni yenyewe ilikuwa imelitoa miaka miwili kabla, vyombo hivyo vyote vilikuwa vimefikia mwisho wa kufanya kazi. Jambo hili lastahili kuzungumzwa madarasani, kwani lazusha swali ambalo masomo ya fizikia hayaliulizi mara nyingi: chombo kilicho mezani pa mwenyewe hufanya kazi kwa idhini ya nani?

Slingbox ilianza kuuzwa Marekani katikati ya mwaka 2005, kwa bei ya karibu dola 250. Waanzilishi wake walikuwa ndugu wawili, Blake na Jason Krikorian, pamoja na Bhupen Shah. Ndugu hao walikuwa washabiki wa San Francisco Giants, timu ya besiboli iliyofika fainali mwaka 2002. Kila walipokuwa safarini waliikosa michezo yake, ilhali nyumbani walilipia televisheni iliyokuwa ikiionyesha. Shida hiyo ni ya watu wenye nafasi, lakini jawabu lake ni somo zuri la ufundi.

Kukifunga chombo hicho hakukuhitaji fundi. Nyaya zitokazo kwenye king'amuzi ziliingizwa katika Slingbox, na waya mwingine ukaiunganisha na ruta, kile kisanduku kinachoigawia nyumba intaneti. Kisha kitaa kidogo cha miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, kiliwekwa mbele ya king'amuzi. Mwenye nyumba aliyeko hotelini alipobonyeza kitufe katika kompyuta yake, au baadaye katika simu yake, amri ilisafiri mpaka nyumbani, na kitaa kile kikatoa ishara zilezile zitolewazo na rimoti. Stesheni ikabadilika. Ikabadilika pia, bila shaka, kwa mama mkwe aliyekuwa sebuleni akitazama kipindi chake, kwa kuwa king'amuzi kimoja hakiwezi kutumikia mabwana wawili.

Kazi ngumu ilikuwa kuipitisha picha. Mwanafunzi na achukue kalamu. Picha ya televisheni ya kawaida yenye nukta 720 kwa upana na 480 kwa urefu ina nukta 345,600. Kila nukta ikiandikwa kwa biti 24, na picha 30 zikipelekwa kila sekunde, zahitajika biti 248,832,000 kwa sekunde moja. Laini iwezayo kupeleka nje biti 400,000 tu, na nyingi za nyumbani wakati ule hazikuzidi sana hapo, yapungukiwa zaidi ya mara 600. Kwa hiyo Slingbox iliipunguza picha, kisha ikaibana: sehemu isiyobadilika baina ya picha moja na ifuatayo haikupelekwa tena. Hapa watu wengi hukosea hata leo. Wao hupima kasi ya kuvuta habari kutoka nje, ambayo ndiyo inayotangazwa na wauzaji. Anayetaka kuitoa picha nyumbani kwake hana budi kupima kasi ya kupeleka, ambayo aghalabu ni ndogo zaidi.

Baada ya picha, anwani. Nyumba nzima kwa kawaida hupewa anwani moja ya intaneti, nayo huweza kubadilika wakati wowote. Ndani, ruta hugawa anwani zake yenyewe, nyingi zikianzia 192.168, ambazo nje hazina maana. Hali hii yafanana na shule yenye sanduku moja la posta: barua hufika sandukuni, lakini karani asipoambiwa ni ya mwanafunzi yupi, hukaa pale pale. Ruta ndiyo karani. Iliambiwa mapema kwamba kila kinachofika kupitia mlango namba 5001 kikabidhiwe Slingbox. Na kwa kuwa anwani ya nyumba hubadilika, chombo kiliiarifu seva ya kampuni anwani yake ya wakati ule, na msafiri akaiuliza seva hiyo kwa kutumia namba ndefu ya utambulisho.

Kazi hiyo ya seva haikuwa kubwa kuliko ya kitabu cha simu. Lakini kitabu hicho kilikuwa mikononi mwa mwingine, na mikono ile ilibadilika: mwaka 2007 kampuni iliuzwa kwa EchoStar kwa dola milioni 380. Mnunuzi wa kisanduku hakuulizwa.

Watetezi wa kampuni wanaweza kusema kwamba seva hugharimu fedha, kwamba watu wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye huduma zipelekazo vipindi moja kwa moja kwenye simu, na kwamba taarifa ya miaka miwili si haba. Yote hayo ni kweli, na hakuna awezaye kuilazimisha kampuni kuhudumu milele. Lakini kuacha kuhudumu ni jambo moja. Kuondoka na ufunguo ni jambo jingine. Wapenzi wa ufundi waliandika programu yao, Slinger, inayozungumza na Slingbox bila seva ya kampuni. Iliwafaa wale waliowahi kuchukua neno la siri la chombo chao kabla ya seva kuzimwa. Neno hilo lingeweza kuchapwa chini ya kisanduku tangu kiwandani. Sheria ya haki ingemtaka muuzaji aeleze, kabla ya kupokea fedha, ni kazi gani za chombo zitakazobaki siku seva itakapozimwa, na amkabidhi mnunuzi maneno yote ya siri ya chombo chake.

Shule yenye kompyuta moja, ruta na simu chache yaweza kulichunguza jambo hili kwa kipindi kimoja. Mwalimu aweke filamu ya somo katika kompyuta, wanafunzi waitazame kwenye simu kupitia ruta ya darasa, kisha waya wa intaneti itokayo nje uchomolewe. Filamu itaendelea. Baada ya hapo wajaribu kila chombo kingine na kila programu waliyo nayo, waya ukiwa bado umechomolewa, na waandike katika daftari kipi kimekataa kuwaka, kipi kimedai neno la siri, na kipi kimeendelea na kazi yake.